Kona Haijutiwi Katikati

"Kona haijutiwi katikati." Mmemsikia baba yenu mdogo akilisema neno hilo, mkacheka, mkadhani ni porojo za madereva. Tulieni niwaambie lilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Rungwe, wakati wa masika, gogo lilimwangukia Ambakisye, mpasua mbao, likamvunja paja. Damu ikagoma kukatika. Pikapu ilikuwa yake, lakini aliyeshika usukani ni mdogo wake Atupele, ambaye Ambakisye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfundisha kuendesha. Wakaanza kuteremka kwenda hospitali.

Atupele hakuwa na utulivu. Moyo ulimhimiza akimbie, tope likamwonya. Kona ya kwanza aliivamia kwa kasi. Alipoliona korongo akashtuka, akaondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Mkia wa gari ukachomoka, ukafagia majani ya ukingoni. Ambakisye akapiga yowe la maumivu.

"Mdogo wangu," alisema akihema, "ukitaka kuogopa, ogopa kabla ya kona. Punguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka. Ukishaingia, shikilia mafuta kidogo, yaleyale. Ukiyaachia ghafla, gari linakuwa jepesi nyuma, linakugeukia."

Kona zilizofuata Atupele alipunguza mapema. Mguu ukatulia. Kila mara alimtazama kaka yake kama bado yu macho.

Wakafika kwenye kona kali iliyo juu ya mto. Alipunguza, akaingia. Katikati, udongo ukaanza kuponyoka chini ya magurudumu. Ambakisye akaliona korongo dirishani kwake, akasahau yote aliyofundisha.

"Achia! Achia mafuta, tunakufa!"

Tangu utotoni Atupele hakuwahi kumkatalia kaka yake. Mguu ulitamani kutii. Akauma mdomo, akashikilia mafuta yaleyale, macho yake yakiutafuta mwisho wa kona. Gari likayumba, likakamata ardhi, likatoka.

"Nilikwambia uachie," Ambakisye alinong'ona baadaye.

"Nisamehe, kaka. Ningeachia kama ungeniambia kabla ya kona. Kona haijutiwi katikati."

Ambakisye alipona, akabaki akichechemea. Alipoulizwa aliponaje, alijibu kwamba mdogo wake alikataa kumsikiliza. Watu wakalichukua neno la Atupele, wakalipeleka shambani, barazani, hata kwenye posa. Kwa hiyo mwenye hofu na aogope njia ikiwa bado imenyooka. Kona haijutiwi katikati.