Mize Mashoto na Maandishi ya Mlangoni

Inasimuliwa na wanawake, waliopokea kwa wanawake wenzao, kwa hiyo chumvi imo kidogo lakini uongo haumo, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za mababu wa mababu zetu, aliishi mja mwema akiitwa Bi Shamsa. Mumewe alitangulia mbele ya haki mapema, akamwachia nyumba ya mawe na misahafu miwili. Naye akaigeuza sebule kuwa chuo, akawasomesha watoto wa mji Qur'ani tukufu kwa miaka thelathini. Hakuchelewa sala wala hakumsengenya mtu. Hilo la pili hebu lijaribuni nyinyi, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri tu, tuone.

Na alikuwa na ndevu. Si ndevu za kupitishia kitana, la. Vinywele vichache kidevuni, kama tupatavyo wanawake wengi tukishafika umri wa kujibiwa "marahaba" na wachache. Nasema mapema kwa sababu kisa chenyewe kinapita hapo.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mtoto wa miaka kumi, Mize, binti wa mkwezi wa minazi. Mize alikuwa mashoto. Nguvu zake Mola alizitia mkono wa kushoto: kwa huo alichota maji, kwa huo alirusha jiwe likafika, na lau angeachiwa, kwa huo angeandika. Hakuachiwa. Kila asubuhi Bi Shamsa, kwa nia njema kabisa, alichukua utepe wa kaniki akaufunga mkono ule kiunoni kwa mtoto, akamwambia, "Kulia ndiko kwenye heri, mwanangu."

"Naam, Mwalimu," Mize hujibu, akashika kalamu ya tete kwa mkono wa kulia, akaandika herufi ambazo ungedhani kuku wamepigana juu ya ubao.

Watoto nao wana macho. Walipoona Mwalimu mwenyewe, mcha Mungu asiyekosea, anamfunga mwenzao kama mbuzi wa kuuzwa, wakajua huyu ameruhusiwa. Wakamtungia wimbo, maana husemwa alaye kwa kushoto hula na Ibilisi:

Mize mashoto, kulia kwako ndoto,
Umekula na nani? Na Ibilisi na watoto!

Wakati wa kula, sinia la muhogo wa nazi likiwekwa chini, walimsukumia upande wake wakauchorea mpaka kwa kidole.

"Huo upande wenu," walimwambia.

"Wetu mimi na nani?"

"Na mgeni wako. Tena mwambie Ibilisi asimalize tui."

Mize alikula kwa mkono wake wa kulia, polepole, bila kumwaga hata chembe, maana adabu hiyo alikuwa ameshafunzwa na babake. Lakini nani alitazama? Mtu akishapewa jina, hakuna atazamaye mkono wake tena.

Mkuu wa wimbo alikuwa Thureya, binti wa sonara, miaka kumi na miwili, bangili mpaka viwiko na uzuri wa kumsumbua mwenyewe. Sasa, mji ule ulikuwa na desturi: watoto wanaohitimu msahafu katika mwezi mmoja hutembezwa mjini pamoja, chini ya mwavuli mmoja wa hariri, kwa kasida na uvumba, hadi nyumbani kwa kila mmoja. Na mwezi ule waliokaribia kuhitimu walikuwa wawili tu, Thureya na Mize. Babake Mize alikuwa ameshafuga beberu kwa ajili ya siku hiyo, akimlisha kabla hajala yeye. Beberu alinenepa, mkwezi akakonda.

Thureya alipopiga hesabu ya mwavuli, usingizi ukamtoka.

"Mimi na mashoto chini ya mwavuli mmoja?" akawaambia wenzake. "Watu watadhani tumetoka tumbo moja! Afadhali mvua ininyeshee."

Basi Jumamosi moja asubuhi watoto walifika chuoni wakakuta mlango wa Bi Shamsa umeandikwa kwa kaa la moto lililozimwa, herufi kubwa za Kiarabu, zimepinda kama mkia wa nguruwe: Mwalimu ana ndevu tatu.

Waliosoma wakaziba midomo. Wasioweza kusoma wakasomewa, wakaziba na wao.

Bi Shamsa alipotoka, Thureya akasogea mbele, sauti ya asali. "Mwalimu, mimi sipendi kumsema mtu. Lakini hati hii iliyopinda, hapa chuoni ni ya mmoja tu."

Anayeanza kwa "sipendi kumsema mtu" mshike mkono haraka, ulimi umeshatoka.

Kanuni ya chuo ilikuwa moja na kila mzazi aliijua: amtukanaye mwalimu huchukua ubao wake akaenda zake, na vyuo vingine havimpokei. Mize alikuwa amebakiza kurasa kumi. Kurasa kumi, na beberu mzima nyumbani.

Bi Shamsa aliutazama mlango wake. Hasira ikampanda, maana ucha Mungu hauondoi uso wa mtu, na uso ule ulikuwa wake. Akasema, "Audhubillahi," akaketi chini palepale kizingitini, kwa sababu aliyekasirika amesimama hutakiwa akae. Akakaa kitambo. Kisha akaita, "Mize!"

"Labeka, Mwalimu."

"Maneno haya umeyaandika wewe?"

"La, Mwalimu. Wallahi si mimi." Lau angeishia hapo ingetosha, lakini alikuwa amefundishwa na mwalimu huyohuyo kwamba kuficha nusu ya ukweli ni nusu ya uongo. "Tena aliyeandika hakutazama vizuri. Si tatu. Ni nne."

Watoto wote wakageuka kumtazama Mwalimu kidevuni.

"Nne?" Bi Shamsa akauliza.

"Naam. Wa nne uko chini kabisa ya kidevu. Nauona Mwalimu akiniinamia kunisahihisha."

Mkono wa Bi Shamsa ukapanda wenyewe hadi kidevuni, ukatafuta, ukapata. Wanasema alifumba macho kidogo. Wapo wanaosema alikuwa anamtaja Mola wake, na wapo wanaosema alikuwa anazuia kicheko. Mimi nawaamini wote.

"Na nyumbani," akasema, "unaandika kwa mkono gani?"

Hapo Mize akaona shimo. Akisema kweli, amekiri kumwasi mwalimu. Akisema uongo, ameusema mbele ya misahafu miwili. Akautazama utepe aliokuja nao kiunoni, unaongoja mkono.

"Kwa huu unaoufunga, Mwalimu. Nikifika nyumbani naufungua, nanakili juzuu yote upya. Nisamehe."

"Mnaona!" Thureya akaruka. "Amekiri!"

"Amekiri la mkono, si la mlango," alisema Bi Shamsa. "Wewe kaa." Akainuka, akaufungua ule utepe kwa mkono wake, akaokota kaa jikoni, akampa mtoto. "Andika basi chini ya mstari huo. Andika ulivyoona wewe."

Mize akaandika kwa kushoto: Mwalimu ana ndevu nne. Na hati ile, enyi waumini, ilikuwa ya kuwekewa kioo. Alifu imesimama kama muadhini, nuni imekaa kama bakuli, na mstari wote msafi, hauna doa.

Bi Shamsa akasogeza uso. Akatazama mstari wa juu, akatazama wa chini. Mstari wa juu ulikuwa umepakazwa wote, kila herufi ina moshi wake, kama mtu aliyeandika kisha akaburura kiganja juu yake. Akawaambia watoto, "Kila mtu achukue ubao na wino, aandike Bismillahi. Upesi."

Wakaandika. Akapita akikagua. Ubao baada ya ubao, wino wa masizi umevurugwa, na viganja vyote vya kulia vyeusi upande wa kidole cha mwisho. Siku zote vilikuwa hivyo, na siku zote mama zao walisugua mikono ya kanzu wakilaani wino. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Maandishi yetu huanzia kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia hupita nyuma ya kalamu na kufuta uliyoandika, usipofunzwa kuuinua. Mkono wa kushoto hutangulia mbele, pasipo na wino.

Miaka thelathini Bi Shamsa amesomesha, na jambo hilo akalijua siku ile, kwa sababu ya ndevu zake.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. "Mkono wenye kiganja safi ndio niliokuwa nikiufunga."

Kisha akasema kwa sauti kubwa: "Mize hakuandika mstari wa juu: nje ya chuo hafungwi, angetumia mkono wake safi. Aliyeandika yumo humu, anatumia mkono wa kulia kama mimi. Sitapiga mtu, sitamwapisha mtu. Mlango utabaki hivyo hivyo mpaka mwenyewe aje aseme."

Ukabaki. Fikirini subira ya mwanamke yule. Imamu wa mtaa alipita akaanza kutembea akitazama dari la mbingu, akajikwaa mara mbili. Muuza samaki akasimama na kapu lake kichwani, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Bi Mwalimu," akauliza, "sasa sisi tuamini mstari gani?"

"Amini wa chini," akamjibu, "una hati nzuri. Na samaki wako jana alikuwa ameoza."

Kila siku kabla ya kuwaachia watoto aliinua mikono akaomba: "Ewe Mola Msitiri, mja wako aliyeandika mstari wa juu, mfungue kifua aseme. Na akikawia, umruzuku na yeye kile alichokicheka kwa mwenzake, tena umzidishie."

"Amin!" watoto wakaitikia. Thureya akaitikia kwa sauti kuliko wote, ili asishukiwe, kisha akaelewa alichokiombea, bangili zikanyamaza.

Siku ya kwanza, amin. Siku ya pili, amin. Siku ya nne Thureya akaingia dukani kwa babake, palipokuwa na kioo cha wateja, akasogeza kidevu kwenye mwanga. Akaona kitu. Akakimbia kwa mamake.

"Mama, hiki nini?"

"Malaika tu hayo, vinywele laini, mwanangu. Kila mtoto anayo, hata mchanga wa siku moja."

"Yatakua?"

"Nitajuaje? Ya shangazi yako yalikua."

Siku ya sita alikuwa hali chakula. Siku ya saba, dua ilipofika kwenye "umzidishie", Thureya akapiga ukelele kabla ya amin.

"Basi, Mwalimu, basi! Ni mimi! Mwambie Mungu ni mimi, asizidishe!"

Akalia, akaeleza yote: kaa, hati aliyoipindisha makusudi, na mwavuli. Watoto wakaanza kumcheka. Tena tazama upesi wake, wimbo wakaupata palepale: "Thureya mandevu, Thureya mandevu..."

"Kimya!" Bi Shamsa akasema. Na ilikuwa mara ya kwanza kusikika akipaza sauti namna ile. "Mmemaliza mmoja mnaanza mwingine? Hamshibi?"

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililokihifadhi kisa hiki mpaka kikanifikia mimi. Akawaita wazazi, sonara na mkewe, mkwezi aliyekonda, na wote waliokuwa na mtoto pale. Akasimama mbele ya mlango wake wenye mistari miwili, akasema:

"Thureya ameandika mstari mmoja, naye amekiri. Mimi nimefunga mkono wa mtoto miaka miwili, na sijakiri. Kula kwa kulia ni adabu tuliyofundishwa, naye anakula kwa kulia, nyinyi hamkumtazama tu. Kalamu hailiwi. Nani aliniambia niufunge? Hakuna. Niliona tofauti nikaifanya dhambi. Watoto hawa walisoma kwangu, na wimbo ule waliusoma kwangu pia. Mize, mwanangu, nisamehe."

Mkwezi akaangalia miguu yake. Mke wa sonara akaanza kusema kuhusu umbali wa njia, na jua, na kama hapangepatikana mwavuli wa pili.

"Mwavuli ni mmoja," akasema Bi Shamsa. "Asiyetaka kivuli chake asubiri mwezi mwingine."

Mize alifikiri. Hakuwa mtoto wa kukimbilia kusamehe ili apendwe. "Wewe Mwalimu nimekusamehe," akasema, "kwa sababu ulidhani ni heri." Akamgeukia Thureya. "Wewe ulijua si heri. Nipe mpaka siku ya khitma, tukitembezwa."

Akasoma kurasa zake kumi, akazinakili kwa mkono wa kushoto mchana kweupe, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi wakatembezwa. Kasida mbele, uvumba nyuma, mwavuli wa hariri juu. Thureya alikuwa amejikunyata upande mmoja, nusu bega juani, hathubutu kusogea. Nusu ya mji wakatembea hivyo. Walipofika kona ya soko, Mize akamvuta kwa upande wa kanzu.

"Ingia ndani," akamwambia. "Unachekesha."

"Umenisamehe?"

"Ingia kwanza. Jua halingoji."

Thureya akaingia, wakafika kwa mkwezi wakiwa kivulini wote wawili, na beberu akaliwa mpaka mifupa, Mwenyezi Mungu amlipe mkwezi yule kilo zake.

Enyi wazazi na walimu, watoto hawabuni uadui. Hawana wasaa huo, wana michezo. Mtoto humtupia mwenzake jiwe ambalo mkubwa aliliacha njiani, na mara nyingi mkubwa huyo anaswali safu ya mbele. Basi kabla hujamchapa mwanao kwa kumcheka mtoto wa jirani, kwanza kaa chini kama Bi Shamsa, ujiulize ulisema nini jana mezani, naye akisikia. Mola atusitiri na aibu zetu, na atupe ujasiri wa kuzitaja zile tulizowafundisha wengine.