Lusajo na Kifaa Kilichoharibika

Hadithi hii nimeletewa na rafiki wa Mbeya, na nimeona si vizuri ikwame kwenye simu yangu. Isome taratibu, kisha umpelekee mtu anayependa kununua vitu vipya.

Lusajo alikuwa mwalimu wa hesabu. Akitoka shuleni alicheza gemu la kompyuta na wenzake watatu. Katika gemu hilo wachezaji huingia kwenye majengo matupu na kuwindana, na mwenye kusikia nyayo za adui mapema ndiye anayepona. Kazi ya Lusajo ilikuwa kulinda mgongo wa timu, na kwa miaka miwili hakuna aliyepita.

Halafu mambo yakaharibika. Mwezi wa kwanza alivamiwa mara chache. Kufikia mwezi wa nne, yeye ndiye aliyekuwa akifa wa kwanza katika kila mchezo.

"Kaka, mashine yako imechoka," alisema Ambakisye, kapteni wao. "Mashindano ya kanda ni wiki tatu zijazo. Badilisha kitu, la sivyo umpishe mwingine."

Abadilishe nini? Hapo ndipo kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja alisema kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Mwingine akasema skrini. Wa tatu aliapa kwamba tatizo ni mausi. Lusajo alikuwa amejiwekea akiba ya kununua kifaa kimoja tu cha maana, si viwili. Jumamosi asubuhi akapakia kompyuta yake yote kwenye bajaji, akaenda Mwanjelwa kwenye duka la fundi Bupe, mama wa makamo aliyesifika kwa kutengeneza mashine zilizoshindikana kwingine.

"Shikamoo, mama. Nataka kadi mpya ya grafiki, iliyo kali kuliko zote ulizo nazo."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia ni kadi?"

"Wenzangu."

"Wameifungua mashine?"

"Hapana."

"Sasa mgonjwa hajapimwa, wewe umeshafika dirisha la dawa."

Akafuta meza, akaunganisha kila kitu, akamwambia Lusajo acheze. Alisimama nyuma yake akitazama. Lusajo akafa baada ya dakika tatu.

Bupe akachukua kadi mpya rafuni, akaichomeka. Picha zikawa laini kama maji yanayotiririka, na Lusajo akatabasamu. Baada ya dakika nne akafa.

Kadi ikarudi kwenye boksi lake. Bupe akaongeza memori. Gemu likafunguka haraka zaidi, lakini Lusajo akafa vilevile. Akampa mausi mpya, nyepesi, inayokaa vizuri mkononi. Akafa akiwa ameishika.

Mtu mwingine angekata tamaa. Bupe ndiyo kwanza alivuta kiti akaketi. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

"Hebu niambie. Unakufaje?"

"Wanakuja kwa nyuma."

"Nyuma upande gani?"

Katika miezi minne hakuna aliyewahi kumuuliza Lusajo swali hilo, wala yeye mwenyewe hakujiuliza. "Kushoto," akasema polepole. "Karibu kila mara ni kushoto."

"Tucheze sauti ya majaribio. Vaa hedifoni zako."

Akavaa. Sauti ikalia.

"Unaisikia wapi?"

"Kulia tu. Kushoto kimya." Lusajo akaruka kwenye kiti. "Ala! Kumbe ni hedifoni! Mama, nipe mpya, tumemaliza."

"Kaa chini. Zigeuze. Ile ya kulia ivae kushoto, ya kushoto ivae kulia."

Akazigeuza. Sauti ikalia tena.

"Sasa?"

"Kulia."

"Una hakika?"

"Kulia, mama. Kushoto sisikii kitu."

Bupe alizichukua hedifoni, akazivaa mwenyewe, akasikiliza, kisha akazivua na kuziweka mezani kwa upole.

"Mwalimu wa hesabu, nipigie hesabu hii. Kama ungekuwa ubovu wa hedifoni, ulipozigeuza ukimya ungehamia wapi?"

"Ungehamia kulia."

"Umehamia?"

Lusajo alikumbuka kwamba siku hizi simu huiweka sikio la kulia tu, na hakujua alianza lini. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika sikio la kushoto.

"Hizi zinalia pande zote," Bupe alisema. "Spea ya hicho kilichoharibika mimi sina. Leo sikuuzii kitu. Jumatatu asubuhi nenda hospitali, usipitie popote."

Daktari alimchunguza, akampeleka kwenye kipimo cha picha, kisha akamwita ndani. Nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na uvimbe uliokuwa ukila mfupa kidogokidogo, bila maumivu.

"Nani kakuleta?" daktari aliuliza.

"Fundi wa kompyuta."

"Kamshukuru. Ungekaa mwaka mwingine, tusingekuwa tunazungumzia sikio peke yake. Uvimbe huo ungeweza kufika kwenye ubongo."

Lusajo akampigia Ambakisye kumwambia atafute mchezaji mwingine. Kapteni akauliza kwa aibu, "Kaka, ile siku nilipokwambia umpishe mwingine, ulinisikia?"

"Hiyo niliisikia vizuri sana. Sikio la kulia ni zima."

Akiba ya kifaa kipya ikaenda kwenye upasuaji. Timu ikatolewa raundi ya pili bila yeye. Usikivu wake ulirudi, si wote, lakini wa kutosha.

Siku aliyorudi darasani aliuliza swali kuhusu pembe. Kutoka upande wa kushoto, karibu na dirisha, sauti nyororo ikajibu, na jibu lilikuwa sahihi. Alikuwa Tumpe, msichana ambaye kwenye ripoti ya muhula uliopita Lusajo alimwandikia: "Hashiriki darasani."

"Tumpe, umeanza lini kujibu?"

Msichana akamtazama kwa mshangao. "Siku zote najibu, mwalimu."

Lusajo akaweka chaki chini, akatembea mpaka kwenye dawati lake, na mbele ya darasa zima akamwomba msamaha.

Funzo: Kabla hujauliza ununue nini kipya, tafuta kwanza ni nini hasa kilichoharibika, na unapopima, usijiruke wewe mwenyewe.