Kifurushi cha Leso Kuukuu

Wahenga hawakuwa na gari, lakini waliponena kuwa kila mlango na ufunguo wake, ni kama walimwona Zakariya wa Ganjoni akija kwa mbali. Maana yao ni kwamba kila jambo lina chake kinacholifaa. Anayelilazimisha kwa kisichokuwa chake hubaki nje akigonga.

Siku hiyo Zakariya alikuwa akimwoza Nabiha, mwanawe wa pekee, nyumbani kwao mkewe, Kibokoni, baada ya sala ya alasiri. Mkewe, Swafia, alitangulia asubuhi.

"Babake Nabiha, huko nyuma ya gari nimekufungia..."

"Mambo ya gari niachie mimi," Zakariya alimkata kauli. "Wewe kaangalie biriani."

Swafia alijitanda buibui akaenda zake, mdomo kaufunga kama kombe.

Alasiri Zakariya alitoka na jirani yake Fondo, karani wa bandarini Kilindini. Hawajaiacha Ganjoni, gari likakanyaga msumari. Zakariya alikunja kanzu akafungua buti la gari. Gurudumu la spea lilikuwa lile jembamba la muda, la kukufikisha kwa fundi tu. Kando yake palikuwa na kifurushi cha leso kuukuu, na maandishi ya leso yamekaa juu waziwazi: KILA MLANGO NA UFUNGUO WAKE.

Mombasa leso husema lile ambalo mdomo umelimeza. Zakariya alihisi kijembe kimemwingia mbavuni.

"Hata leo anirushia maneno," alinung'unika, akakisukuma kifurushi kando.

Fondo aliinama penye gurudumu. "Jirani, nati hizi ni za rimu zako za mapambo. Zina kitako bapa. Tundu za spea hii zimechongwa kama kikombe cha kahawa, zataka nati za kuchongoka. Zake umeziweka wapi?"

"Nati ni nati, Fondo. Zaingia, zakaza. Wataka na kuimba ziimbe?"

Walipofika Makadara, usukani ulikuwa ukitetemeka kama mgonjwa wa homa. Zakariya alisimama pembeni. Gurudumu limeinama, nati zimelegea. Alizikaza, akasogea kidogo, zikalegea tena. Hapo simu ikalia. Alikuwa Athmani, ndugu yake.

"Shekhe ana nikahi nyengine. Nipe uwakala nimwoze mtoto kwa niaba yako."

Mwana ni huyo mmoja, na nikahi yake ni hiyo moja. "Nisubirini," alisema Zakariya.

"Shekhe atasubiri kahawa iishe. Ikiisha, basi."

Mikono ya Zakariya ilikuwa myeusi kama chungu. Fondo alikitwaa kile kifurushi. "Leso hii yafaa kufutia?"

"Futia. Maneno yake nishayapata."

Fundo lilipofunguka, nati za kuchongoka zilimwagika barabarani, zikilia kama njuga. Fondo aliokota moja akaitia tunduni. Ilikaa kama yai kiotani.

"Haya hayakuwa maneno, jirani," alisema. "Zilikuwa nati."

Zakariya alizing'oa zile bapa, akatia hizi. Alizikaza zote, akaendesha polepole kama ilivyo haki ya gurudumu la muda. Dereva wa tuktuk alimpita akachungulia. "Mzee, waenda kuzika?"

"Naenda kuoza."

"Kwa mwendo huu utaoza kweli."

Kibokoni mabuli ya kahawa yalikuwa matupu, na shekhe bado amekaa. Athmani alimweleza nduguye kwamba shekhe alikwishasimama kuondoka, Nabiha akaleta neno kutoka orofani kwa wanawake: "Babangu yu hai na yuaja. Sitaki wakala."

Zakariya alimpa mkono bwana harusi, akatamka maneno ya kumwoza mwanawe. Walipoachana, kiganja cha kijana kilikuwa na alama nyeusi za vidole vya mkwewe.

Baadaye Swafia alimletea mumewe sahani ya halwa, akaiangalia ile kanzu yenye grisi.

"Kile kifurushi ulikifungua?"

"Fondo ndiye aliyekifungua. Mimi nilikisoma."

Swafia alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Kusoma kwa Zakariya hakukukaza nati hata moja: kweli, kila mlango na ufunguo wake.