Utenzi wa Kiboko na Waasi Wake

Nisimulie?

— Simulia!

Nikitia na uongo?

— Tia, ila usizidishe!

Basi, Kiboko alikuwa mfalme wa bwawa. Kiangazi kilipokaza, akapiga marufuku: asinywe mtu ila yeye. Watoto wa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, wakabaki kulamba umande kwenye mawe. Pimbi, mama yao, aliumia sana kuwaona hivyo.

Pimbi alikuwa malenga. Siku moja Kiboko akamwita.

“Nitungie utenzi. Useme nilivyowakomesha waasi.”

“Waasi gani, Mtukufu?”

“Watafute! Si wewe malenga?”

Pimbi akatunga, akawaghania wenzake. Alipomsifu mfalme, wanyama wakapiga miayo, haaa! Alipomtaja muasi anayeyaendea maji, masikio yakasimama, chwi! Pimbi akashangaa. Utenzi ni wa mfalme, mbona mioyo iko kwa mkaidi? Akarudia sifa: haaa! Akarudia muasi: chwi! Pimbi akaanza kutabasamu.

Siku ya sherehe ya utenzi, pale bwawani, akasema, “Mtukufu, utenzi huu huigizwa. Wewe ndiye mfalme. Muasi awe nani?”

“Swala.”

“Swala tu? Si watakucheka?”

Kiboko akavimba. “Ongeza Nyati!”

“Nyati mmoja?”

“Ongeza Pundamilia! Ongeza wote, hata wanao!”

“Sasa, Mtukufu, muasi lazima anywe kweli. Akijifanya tu, na ushindi wako utakuwa wa kujifanya.”

“Wanywe!”

Ngoma ikalia, ti-ti-pu! Waasi wakainama, gubu gubu gubu.

“Niwapige sasa?” Kiboko akauliza.

“Bado. Uasi haujakolea.”

Gubu gubu gubu.

“Sasa je?”

“Bado kidogo, Mtukufu.”

Gubu gubu gubu. Watoto wa Pimbi wakanywa hadi matumbo yakatuna. Mama yao alifurahi mno, hata akakosea vina.

Maji yakapungua hadi yakamfika Kiboko kwenye vifundo vya miguu. Akanguruma, “Ubeti wa ushindi uko wapi? Rudini nyuma, nyote!”

Hakurudi mtu. Walikuwa wameshiba, na walikuwa wengi. Nyati akapangusa mdomo, akasema kwa adabu zote:

“Tunatii amri, Mtukufu. Ulituagiza tuasi.”

Kiboko akawatazama mmoja mmoja, kisha akasogea pembeni kuwapisha.

Hadithi nimeitua hapo. Asiyeiamini akamuulize Kiboko, mimi simo.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtiini mkubwa wenu kwa kila jambo, hasa akiwaagiza kuasi.