Upande wa Chini wa Msindano

Mtu mmoja wa nyanda za juu, kule kwenye baridi, alikuwa na shamba la misindano, ile miti ya mbao yenye majani kama sindano, na mdogo wake wa tumbo moja. Mtu huyo aliitwa Nyalusi. Misindano yake ilisimama wima, safu kwa safu, naye alijivunia kweli kweli. Mdogo wake, Kasiani, alikuwa mlevi.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, udongo ukateleza, na msindano mmoja ukainama kuelekea bondeni. Nyalusi hakuwa na moyo wa kuukata. Alileta kamba nene, akaufunga katikati ya shina, akauvuta kutoka upande wa juu na kuifunga kamba kwenye kisiki. Kila Jumapili baada ya ibada aliikaza. Akishaikaza, alimwita Kasiani mbele ya watoto na wajukuu, akamsema mpaka jasho likamtoka. Kasiani alianza kunywa mwaka aliofiwa na mkewe. Kila mtu alilijua hilo, ila hakuna aliyelitaja.

Ikapita miaka minne. Ajabu, mti ukanyooka! Nyalusi hakuishiwa maneno ya kuisifu kamba yake. Mgeni hakupewa hata chai kabla hajapelekwa kuiona. Lakini Kasiani alikuwa vilevile. Basi Nyalusi akaona dawa ni kukaza zaidi. Akaitisha kikao cha ukoo: Jumapili ijayo Kasiani anyang'anywe shamba lake la viazi, afukuzwe, asiitwe ndugu tena. Mkewe alimsihi, "Baba Skola, huyo ni damu yako." Wapi! Hakusikia.

Ijumaa akaja bwana miti kupima misindano. Alikuwa na keekee yenye tundu katikati. Akautoboa mti ule pande mbili, akachomoa vijiti viwili vyembamba kama penseli, akaviweka kwenye kiganja cha Nyalusi. Kijiti cha upande wa juu, upande wa kamba, kilikuwa cheupe na pete zake zimebanana. Cha upande wa chini kilikuwa chekundu, kigumu, pete zake nene.

Nyalusi akauliza kulikoni. Bwana miti akamweleza taratibu. Ndani ya mti mna vimeng'enya, vibarua wadogo wasioonekana kwa macho. Kila kimoja kina kazi yake moja, kikimaliza kinakipokeza kingine, mpaka ipatikane lignini, ile inayozishika nyuzi za mti zikawa mbao ngumu. Msindano ukiinama, vibarua hao huzidisha kazi upande wa chini, kule mzigo ulikolalia. Huko huujenga mti kwa unene, pete juu ya pete, nao husukumwa polepole mpaka usimame.

"Mzee, kamba yako imeacha kovu tu," akasema. "Mti huu umeinuliwa kutoka chini."

Nyalusi akalipapasa kovu. Lilikuwa refu, linachuruzika utomvu. Aibu ikamshika, aibu nzito ya mtu mzima, maana mbele ya lile kovu alikuwa akimwona Kasiani Jumapili zote zile, ameinamisha kichwa, watoto wakicheka.

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia ndugu kwamba hakuna kikao. Asubuhi akabeba jembe, akateremka mpaka shambani kwa Kasiani. Kasiani alipomwona alisimama akangoja matusi. Hayakuja. Nyalusi alishika tuta la pembeni akaanza kupalilia, na walipofika mwisho wa matuta akamtaja yule marehemu shemeji yake kwa jina, akasema, "Hata mimi namkumbuka." Kasiani akalia palepale, jembe mkononi.

Hakuacha pombe siku ile, wala wiki ile. Nyalusi aliteremka kesho yake, na kesho kutwa, msimu mzima, na hakumsema hata mara moja. Viazi vilipovunwa, Kasiani alivipeleka mwenyewe kwa Mama Skola, macho meupe yasiyo na pombe, nguo safi, akacheka na watoto mlangoni. Nyumba ile ilikula kwa furaha siku hiyo.

Nawe unaye wako aliyeinama, na jina lake limeshakujia. Je, umesimama upande gani wake?