Ndala za Mlangoni

Ndugu zangu, kanuni zetu tano, za kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokunywa vileo, tumezitamka sasa hivi kwa pamoja, na sauti zenu zimenifurahisha kweli. Kaeni basi, nikupeni habari ya mwenzetu mmoja.

Kulikuwa na fundi baiskeli aliyekuwa mchinjaji wa mtaa mzima. Mnajua mambo yetu: mama akitaka kupika kuku hachinji mwenyewe, anatafuta mwanamume. Wote walikwenda kwake, maana kisu chake kilikuwa kikali na hakuwahi kudai hata paja. Siku moja akaja kwenye ukumbi kama huu, akatamka kama mlivyotamka: "Sitaua kiumbe chenye uhai." Akarudi nyumbani mwepesi, anacheka peke yake.

Mtihani haukukawia. Kesho yake alichungulia dirishani, akamwona bibi jirani anakuja, kuku kwapani. Na bibi huyu si mtu baki! Ndiye aliyemlisha uji alipofiwa na mama yake. Angemwambiaje hapana?

"Mke wangu, mwambie sipo."

"Makubwa! Wewe usiue, halafu mimi ndiyo niseme uongo?"

"Leo tu, mama watoto, nakuomba." Akajibanza nyuma ya pazia la chumbani.

Mke akasema hayupo, macho chini. Bibi akakaa kizingitini, akashusha pumzi.

"Bahati mbaya. Leo nahamia kwa mwanangu, na basi linaondoka saa nane. Kuku wangu huyu nampenda, hata jina nimempa. Nilisikia mumeo haui tena, nikasema ndiye wa kumwachia. Sasa itabidi nimpitishe kwa muuza supu pale njia panda."

Loo! Nyuma ya pazia fundi akabanwa pande mbili. Akitoka, ni mwongo mbele ya bibi aliyemlea. Asipotoka, kuku anakufa, na aliyemuua ni yeye, bila hata kushika kisu. Wewe uliyekaa hapo, ungefanyaje?

Alitoka. "Shikamoo, bibi. Nipo. Nimedanganya, na mke wangu nimemponza. Nilidhani umemleta nimchinje, nikaona haya kukukatalia."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Marahaba, mjukuu wangu. Nilijua upo tangu nilipofika. Ndala zako si hizi hapa mlangoni, zimefungwa waya wa baiskeli? Nilikuwa nakusubiri tu." Kisha akaacha kucheka. "Lakini nikuulize. Mimi ninayekupenda umeshindwa kuniambia hapana. Wageni wako wakitamani mchuzi wa kuku huyu, utawaambia nini?"

"Nitawaambia hapana, bibi."

"Sikusikii."

"Hapana!"

Ndipo akamkabidhi kuku wake.

Na sisi je? Tunajificha nyuma ya mapazia mangapi? Tunashika kanuni moja kwa mkono wa kulia, nyingine tunaiangusha kwa mkono wa kushoto, kisa kuona haya mbele ya watu wanaotupenda. Jirani hakuja kutushinda, wapendwa. Huenda amekuja kutukabidhi kitu, na anataka tu kujua kama tupo.

Hebu geukeni mtazame pale nje. Viatu vyetu sote viko mlangoni, na mtaa mzima umeshaviona. Tutoke, tukavivae, na wa kwanza atakayetuita njiani tumwitikie.