Joho la Mchunga Punda

Zamani hizo huko Uchina, Geng Biao alikuwa mchunga punda. Akakusanya wahuni, akateka mji mmoja, kisha wa pili, mara akajiita mfalme. Aliposikia kwamba jeshi la mfalme wa kweli linakuja, akamwita Suyun, fundi wa kushona. Mume wa Suyun alikuwa mateka, akibebeshwa mawe ya ukuta.

"We mama, nishonee joho la njano la kifalme. Mshale usipenye, kisu kisipenye. Likinipendeza, namwachia mumeo."

Suyun akashona hariri mbili, kati akatia wavu wa chuma. Siku ya kulivaa akaja na sindano na uzi wa chuma.

"Vifungo viko wapi?"

"Vifungo ni vya wachunga punda, Mtukufu. Tena huacha upenyo. Tulia nikushonee mwilini."

"Na kuoga je?"

"Nani atathubutu kukunusa?"

Geng Biao akacheka, akavimba kichwa, akashonewa.

"Na mume wangu?"

"Ukuta ukiisha."

Siku ya tatu jeshi likafika. Wale wahuni wakatupa silaha, wakavaa matambara ya wakulima, wakapotelea mashambani. Geng Biao akaja mbio kwa Suyun.

"Mama, nifumue upesi. Nipe nguo kuukuu za mumeo."

Suyun akajaribu mkasi, ukateleza.

"Ulitaka kisu kisipenye, baba, na hakipenyi."

Wapanda farasi wa mfalme waliiona ile njano toka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, wakamkamata. Mateka wakafunguliwa, mume wa Suyun akarudi kwake. Geng Biao akaletewa punda wa kumbeba. Punda akamnusa, akageuza uso.